Kisu Nilichokisafisha Kupita Kiasi

Wanangu wa karakana, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunang'arisha visu mpaka mtu anahesabu kope zake ndani ya chuma. Nimekubali, ingawa mikono inatetemeka na kalamu inakwenda inakotaka yenyewe. Msinisahihishe Kiswahili changu. Nimezaliwa Uvira, upande wa Kongo, nimezeekea Rumonge, na nyinyi wenyewe mnajua tunavyosema hapa. Nitawaambia niliyoyaweza na niliyoyaharibu. Kisu kilichong'aa kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu ndicho kilichonitoa machozi kuliko vyote, na nikikificha hicho nitakuwa nimewafundisha nusu tu ya kazi.

Mzee Kasimu nilimjua nikiwa mjane wa miaka thelathini hivi, nina watoto wawili, nauza ndagala, dagaa wetu wa ziwa, sokoni. Yeye alikuwa mfua visu, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Nilimpelekea kisu changu cha kupasulia samaki akinoe. Nilikaa kwenye benchi nikimtazama, na mdomo wangu ukanishinda, nikamwambia ananoa upande mmoja kuliko mwingine. Alinipa kisu na kinoo. "Basi noa wewe, mama," akasema. Nikanoa. Alipima makali kwa ukucha wa kidole gumba, akasema neno moja tu, "Eh." Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe mezani kwangu sokoni, katikati ya ndagala, akaniuliza kama naweza kukaa kitako siku nzima bila kulalamika. Nikasema naweza. Nilidanganya, lakini nilibaki naye miaka kumi na tisa.

Yeye alifua, mimi nikang'arisha. Chuma chetu kilikuwa springi za malori mabovu, zile bapa za chini ya gari. Kikitoka kwenye moto na tupa, kisu kinafanana na samaki aliyeparuliwa magamba vibaya. Kutoka hapo mpaka kiwe kioo ni kazi ya mikono, msasa, maji na makalio, na nawaambia makalio ndiyo yanayochoka kwanza.

Kosa lenu nyote, na msikatae maana nimewaona, ni kukimbilia msasa laini. Mnaona kisu kimeanza kung'aa kidogo, roho inaruka, mnashika namba elfu mbili. Kumbe chini bado kuna mikwaruzo ya namba mia mbili. Kila msasa una kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Ukisugua kwa urefu na namba hii, namba inayofuata sugua kwa kukatiza, ndipo utaona kama mikwaruzo ya zamani imeisha au imejificha. Ukiona mmoja tu umebaki, rudi nyuma ulikotoka. Mimi nilirudi nyuma mara nyingi mpaka nikawa nalia kwa hasira, na Mzee Kasimu ananiambia kwa ile sauti yake ndogo, "Hapana kuharakisha, Mama Riziki. Chuma haiko na safari."

Tena msasa usiushike kwa vidole vitupu. Uzungushie kibao kilichonyooka. Vidole ni laini, vinachimba bila wewe kujua, na ubapa unakuwa na mabonde. Mtu asiyejua atasema kinang'aa. Wewe kipeleke dirishani, utazame nondo za dirisha ndani yake. Nondo zikisimama wima, sawa. Zikipinda kama matete penye upepo, huna kioo, una bati lililosuguliwa. Kisha chukua kiberiti, kisimamishe mbele ya ubapa, usome maandishi yake ndani ya chuma, hata kama yamegeuka. Kiberiti kikigusana na kisu kila mtu anasoma. Kisogeze mbali shubiri nzima, na kama herufi bado hazina ukungu, unaweza kwenda kunywa chai.

Mwisho kabisa tulitumia jivu la makapi ya mpunga. Mpaka leo sijaona dawa ya dukani inayolishinda. Unalichuja kwenye soksi nyembamba ya mwanamke, unalichanganya na mafuta, unasugua kwa ngozi. Mwaka wangu wa kwanza niliona mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ni ya gharama bure, nikachota mawese chini ya pipa la jirani, kule kwenye masimbi, yaani mashapo. Si tuko Rumonge, nikawaza, mawese yamejaa kila kona. Nilikuwa nakaribia kumaliza kisu cha mchinja ng'ombe, cha kuchinjia sikukuu ya Idi. Mzee Kasimu alikuwa ameinama upande wa pili akipiga mpini msumari. Akaacha nyundo.

"Simama," akasema. "Kuko mchanga mu mafuta yako."

"Hata hujatazama, Mzee."

"Sitazami. Ninasikia. Sugua tena, usikie na wewe."

Nikasugua. Chini ya ule mvumo laini wa ngozi kulikuwa na kitu kidogo kinasema krr, krr. Nilipofuta mafuta, ubapa ulikuwa na mistari kama paka amepita. Nilirudi kwenye msasa wa katikati, siku mbili za kazi zikaenda na masimbi ya jirani. Kilichonishangaza ni masikio yake. Baadaye nilielewa kwamba macho yake yalishaanza kupungua, na alikuwa anafanya nusu ya kazi kwa kusikia na kwa kidole gumba. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua na nikanyamaza, na nafikiri alijua kwamba ninajua.

Mashine zenu sizichukii. Nazionea wivu, mgongo wangu ungekuwa mzima. Lakini kumbukeni siku mmoja wenu alipoweka kisu kwenye gurudumu, kikatoka kinawaka kama jua, mkaanza kujipiga picha ndani yake, na mimi nikakuta karibu na makali rangi ya majani makavu na mbele yake bluu. Kile kisu kilikuwa kimekufa. Joto lilikula ugumu wake wote, kikabaki sura nzuri isiyokata nyanya. Kishikeni kwa vidole vitupu kikiwa kwenye gurudumu. Kikiwaunguza nyinyi, kimeshaungua chenyewe, kitieni maji mapema.

Na kikishakuwa kioo, hapana kukigusa tena. Hili Mzee Kasimu alinifundisha kabla ya yote. "Jasho iko na chumvi," aliniambia, "na hewa ya ziwa haina huruma." Chuma cha springi kinapata kutu upesi, na sehemu ya kwanza kupata kutu ni pale kidole kilipogusa. Asubuhi unakuta mistari yote ya kidole imeandikwa juu ya kioo chako. Ukikiwahi, unafuta kwa jivu. Ukikichelewesha, kutu inachimba vishimo, na vishimo haviondoki kwa kupanguswa. Ni lazima ushushe chuma chote cha jirani mpaka ufike chini ya kishimo kilicho kirefu kuliko vingine, kisha uanze upya namba zote. Wavivu wanaacha vidoa vyeusi wanasema ni asili ya chuma. Mimi sikuwa mvivu. Laiti ningekuwa, siku ile moja tu.

Sasa nawaeleza kisu cha sandukuni.

Mzee Kasimu alikuwa mjane kama mimi. Mke wake, Mama Zuhura, alifariki mwaka mmoja kabla sijaanza kazi pale, kwa hiyo sikuwahi kumwona. Walikuwa na binti mmoja, huyo Zuhura, ambaye nilimkuta msichana wa shule nikamwona akikua mpaka akaposwa na mwalimu wa Nyanza-Lac. Alikuwa ananiita yaya, kama dada yake mkubwa. Wiki ya arusi, jicho moja la Mzee likawa baya sana, hospitali ikampa nafasi ya kutibiwa Bujumbura siku zilezile. Alikataa kwenda, tukamlazimisha. Kabla ya kupanda gari alinipa ufunguo mdogo.

"Mu sanduku, chini ya kitanda, iko kisu," akasema. "Umupelekee Zuhura. Nataka akatie nayo gato."

Keki ya arusi, yaani. Nikasema sawa Mzee, nenda na amani.

Nilifungua sanduku siku hiyohiyo. Kisu kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, kisu kirefu chembamba, kazi yake ya ujana, mpini wa pembe. Nilikitoa kwa heshima kabisa. Ubapa wote ulikuwa kioo safi, umepakwa mafuta ambayo bado yalikuwa mabichi. Isipokuwa sehemu moja, karibu na mpini. Hapo palikuwa na doa la kutu, kubwa kama sarafu, na ndani ya doa mistari ya kidole gumba, imezunguka vizuri kabisa kama iliyochorwa.

Nawaambia nilivyowaza, msinicheke. Niliona aibu kwa niaba yake. Niliwaza, watu wa Rumonge wote watakuwa pale, na wageni wa Nyanza-Lac, na kisu cha fundi Kasimu kitatoka mbele yao na kutu. Watasema macho yamemwisha, haoni tena. Niliwaza, kuna mtu mchafu alikigusa na mzee wa watu hakuona. Nikakibeba mpaka karakana, nikafunga mlango ili nisisumbuliwe, nikaanza.

Leo ninajiuliza swali ambalo mtoto wa mwezi mmoja kazini angejiuliza. Mtu anayepaka mafuta kisu kizima kila mwezi, kwa nini aache doa moja? Mafuta yalikuwa yamezunguka lile doa pande zote, hayakuligusa katikati. Macho yangu yaliona. Akili yangu ilikuwa imeshashika msasa.

Kutu ilikuwa imechimba sana. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, ikawa siku mbili. Nilishusha ubapa wote ili pasiwe na bonde, nikafika chini ya kile kishimo cha mwisho, nikapanda namba zote moja moja, nikamaliza kwa jivu na mafuta ya mise niliyonunua kwa pesa yangu. Nilikipeleka dirishani. Nondo zilisimama wima. Nilisogeza kiberiti mpaka mkono wangu ukaisha urefu na bado nilisoma. Sijawahi kupata kioo kama kile, si kabla wala baadaye. Nilifurahi mpaka nikaimba peke yangu, mimi ambaye kanisani wananiomba niimbe polepole.

Nikampelekea Zuhura. Alikuwa amekaa mkekani, shangazi zake wanampaka hina. Alifungua kitambaa kwa ncha za vidole, akageuza kisu upande huu na ule, akakigeuza tena.

"Yaya," akasema, "kidole ya mama iko wapi?"

Sikuelewa. Akanionyesha pale karibu na mpini, patupu, panang'aa. Akarudia lilelile swali, safari hii machozi yamekwisha kuja. Shangazi mmoja ndiye aliyenieleza. Mama Zuhura, katika siku zake za mwisho, alitamani limau kwenye uji. Alikuwa peke yake chumbani, kisu cha jikoni kiko mbali, sanduku liko miguuni mwa kitanda. Akatoa kile kisu, akakata limau, akakirudisha na vidole vyake vya maji ya limau. Siku tatu baadaye alizikwa. Mzee alipofungua sanduku akakuta kidole gumba cha mke wake kimeandikwa juu ya kioo. Hakukifuta. Alipaka mafuta pembeni ili kutu isienee, akafanya hivyo kila mwezi kwa miaka kumi. Na sasa alitaka Zuhura akate keki yake akiwa ameweka kidole chake juu ya kidole cha mama yake.

Mimi ndiye niliyekiondoa, kwa bidii, mpaka chini ya kishimo cha mwisho.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilijua jambo moja tu, kwamba nisingeweza kushika msasa tena, na kwamba Mzee akirudi nitamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Kesho yake nilimsubiri nyumbani kwake nikiwa nimekaa kizingitini. Zuhura alikuwa ndani, hajasema nami. Mzee alishuka kwenye gari amefungwa bandeji jicho moja, amechoka. Tukaingia, tukakaa mezani watu watatu. Nikaweka kisu mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema tu, "Mzee, nimekisafisha."

Hakutazama. Alinyoosha mkono, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja pale karibu na mpini. Kikakaa. Kikasogea kidogo, kikarudi, kikatafuta tena. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kile kidole kikitafuta.

Kisha akacheka, kacheko kadogo.

"Eh, Mama Riziki. Umeirudisha namna ilikuwa," akasema. "Ile alama ilikuwa ya siku ya ugonjwa. Sikupenda kuikumbuka ile siku, niliogopa tu kuifuta. Mbele ya pale, kabla ya ugonjwa, mama yake Zuhura alikuwa anaitoa hii kisu kila asubuhi ya Idi, anajiangalia mule, anafunga mutandio. Alikuwa anasema kioo ya duka inamuonyesha kizee." Akamgeukia binti yake. "Si ni vile, Zuhura?"

Zuhura alishtuka kidogo, akasema, "Ni vile, baba."

"Basi. Ilikuwa kioo ya mama yako, imerudi kuwa kioo. Murakoze, asante, Mama Riziki. Lete chai."

Siku ya arusi, keki ilipoletwa, Zuhura aliinua kile kisu usawa wa uso wake mbele ya watu wote, akajitazama ndani yake, akaweka sawa mtandio, ndipo akakata. Watu walicheka na kupiga vigelegele. Nilimtazama Mzee, naye alikuwa anatabasamu upande ule usio na bandeji. Moyo wangu ukatua kabisa. Jumatatu nilikuwa kwenye benchi yangu, nimeshika msasa, na nilifanya naye kazi miaka mingine kumi, mpaka alipofariki na mkaja nyinyi.

Kazi yote mnayosema niliwafundisha, niliipata au niliikamilisha katika miaka hiyo kumi. Kusikiliza mafuta, kukatiza mikwaruzo, jivu la soksi, vyote nilikuja kuvijua vizuri baada ya kile kisu. Nawaambia hivyo kwa sababu mwezi uliopita Zuhura alikuja kunisalimia. Sasa naye ana wajukuu. Tulikula samaki wa mukeke tukacheka mambo ya zamani, nikamtajia asubuhi za Idi na mama yake mbele ya kisu, akiogopa kuitwa kizee na kioo cha duka. Huwa napenda kumtajia hiyo. Safari hii hakucheka.

"Yaya," akasema, "wewe sasa umeacha kazi, nitakuambia. Ile haikuwa kweli."

"Ipi?"

"Ya mutandio. Mama alikuwa anaogopa kuchafua ile kisu, hakuwa anaigusa. Aliishika mara moja tu. Ni ile siku ya limau."

Nikamuuliza kwa nini basi aliitika. Akasema alitaka kulia na kusema ukweli palepale, lakini baba yake alimkanyaga mguu chini ya meza. Jioni, nilipokwisha kuondoka, alimgombeza baba yake, akamwambia amemwuza mama kwa uongo. Na Mzee alikuwa amekishika kile kisu, kidole gumba kiko palepale pasipo na kitu.

"Akaniambia, 'Mama yako amekwisha kwenda, hata na alama amekwisha kwenda. Mama Riziki bado iko na sisi. Akijua namna inaniuma, hatagusa kisu tena.' Akaniomba nijiangalie mule siku ya arusi, ili wewe uamini."

Nilikaa na mwiba wa mukeke mkononi. Nilikumbuka nilivyotoka kwenye ile arusi nikiwa mwepesi, nimekula keki vipande viwili, nimecheza mpaka kiatu kikakatika. Miaka yote hii niliamini kwamba nilisamehewa upesi kwa sababu kosa langu lilikuwa dogo.